Nyani Hawafumbi Macho

Niseme wazi kwanza: sina ugomvi na nyani. Nyani alifanya kazi yake. Aliona chakula, hakuona mtu wa kukilinda, akala. Ningekuwa nyani ningefanya hivyohivyo, na pengine ningeondoka na sufuria pia. Hasira yangu ni juu ya mtu mmoja mwenye koti safi na Biblia kubwa, ambaye hadi leo tukikutana sokoni hapa Bunia ananipa mkono na kuniuliza habari za mama. Ninaupokea ule mkono, kwa sababu nimelelewa vizuri, kisha ninakwenda zangu nikiwa nimesahau nilichokuja kununua.

Kanisa letu lina desturi yake. Kila mwaka, barabara ikikubali, kundi la waumini hutoka Bunia kwa miguu mpaka kilima cha maombi kilichoko mbele kidogo ya Komanda. Ni siku tatu za kutembea, na kurudi ni kwa lori. Ninasema barabara ikikubali kwa sababu kwetu Ituri, mashariki mwa Kongo, barabara ndiyo inayoamua. Kuna miaka ilitukatalia kabisa kwa sababu ya watu wenye bunduki, tukaombea sebuleni huku milango imefungwa. Mwaka ninaouzungumzia ilikuwa imetulia, na mama yangu akawa wa kwanza kuandikisha jina.

Mama alikuwa amepita miaka sabini. Wakati ule tulipokuwa tumekimbia vita, tukilala katika darasa la shule ya watu wengine, alimwahidi Mungu kwamba akirudi nyumbani kwetu, mtaa wa Rwambuzi hapa Bunia, na watoto wake wote wakiwa hai, atakwenda kumshukuru kwa miguu yake mwenyewe, si kwa pikipiki. Tulirudi wote. Ikabaki yeye kutimiza, na kila mwaka kulikuwa na sababu: mara barabara, mara magoti, mara mjukuu amezaliwa. Mwaka ule akasema sababu zimeisha.

Tatizo ni kwamba mama ana ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi anameza kidonge, kinini kama tunavyosema sisi, na baada ya kinini lazima ale. Si lazima ya kubembelezana. Muuguzi wa kituo chetu alimwambia mbele yangu, akimshika bega: "Mama, hii kinini na chakula iko sawa bwana na bibi. Usitumake moja peke yake, ule moja atakuangusha mu njia." Mama alicheka, lakini mimi niliyaweka maneno yale moyoni. Kwa hiyo nilipoandikisha jina langu chini ya lake, sikuwa ninakwenda kuomba. Nilikuwa ninakwenda kuhakikisha mama anakula kwa wakati. Hiyo tu ndiyo ilikuwa kazi yangu katika safari nzima, na hiyo ndiyo iliyonishinda.

Porini si pageni kwangu. Marehemu baba alikuwa mtu wa ng'ombe. Wakati wa kiangazi aliwapeleka mbali, siku nyingi, na mimi mtoto wake wa kike asiyetulia nyumbani nilimfuata mara nyingi kuliko kaka zangu. Alinifundisha kwamba chakula cha porini kinataka mambo matatu: kifungwe, kitundikwe, na kiwe na mtu. Kukifunga ni kwa sababu ya harufu, maana harufu inatembea kuliko miguu; samaki mkavu hawekwi kamwe karibu na mahali unapolaza kichwa. Kukitundika ni kwa sababu ya nguruwe wa porini, panya na siafu: unafunga jiwe kwenye ncha ya kamba, unalirusha juu ya tawi la mbali na shina, unavuta mzigo mpaka upite urefu wa mtu, kisha unapaka majivu pale kamba ilipofungiwa. Na mtu ni kwa sababu ya nyani. Nyani anajua kupanda kuliko wewe unavyojua kutundika. Huyo hashindwi na kamba, anashindwa na mtu aliyesimama na jiwe mkononi.

Asubuhi ya kuondoka tulikusanyika mbele ya kanisa. Kiongozi wa safari tulimwita papa prezida, kwa kuwa alikuwa prezida, yaani mwenyekiti, wa kwaya. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti nzuri, na sitamnyima haki yake, akiimba hata mimi nasisimka. Lakini mikono yake ilikuwa ya Biblia na megafoni tu. Sijawahi kumwona amebeba kitu kinacholiwa. Akatangaza kwamba chakula chote kitawekwa pamoja, hakuna cha mtu, vyote ni vya Bwana. Watu wakaanza kumimina: unga, maharagwe, mchele, samaki. Akafika kwenye mfuko wa mama. Ndani yake nilikuwa nimeweka viazi vitamu vya kuchemsha, karanga za kukaanga, na sukari kidogo ndani ya karatasi kwa ajili ya hatari.

"Papa prezida," nikasema, "hii sakoshi iko ya mama. Iko na maladi ya sukari. Anapashwa kula na saa yake."

"Mama wetu atakula na siye bote," akajibu, kwa megafoni, ingawa nilikuwa hatua mbili mbele yake. "Weye dada, unazani siye tutashiba, yeye abakie na njaa?"

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, lakini kilitosha kunifanya nionekane mchoyo, mtu anayeficha kiazi nyuma ya mama yake. Mama akanivuta kitenge. Nikauachia mfuko, ukaingia ndani ya gunia pamoja na samaki.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri, lazima niseme. Tulilala Irumu, ndani ya kanisa la wenzetu, chakula kikafungiwa kwenye chumba chenye kufuli, na wenyeji wakatuletea maziwa. Mama alikula kwa wakati, akameza kinini kwa wakati, akawasimulia wanawake wa pale habari za ujana wake mpaka wakamwomba apumzike. Nikaanza kufikiri labda nilikuwa na wasiwasi wa bure.

Siku ya pili mvua ikatukuta njiani na matope yakatunyang'anya nusu ya mwendo. Jua lilipoanza kushuka tulikuwa bado mbali na Komanda, tukasimama kwenye uwanja karibu na kijito chenye msitu kando yake. Ng'ambo kulikuwa na shamba la mahindi, yaani lililokuwa la mahindi, maana mabua yalikuwa yamevunjwa yote na maganda yametapakaa chini. Mwenye shamba, mama mmoja mwembamba mwenye jembe begani, akaja kutuangalia.

"Munalala hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi muchunge chakula yenu. Banyani bako hapa, bengi sana. Muangalie ile mahindi yangu. Asubui mapema njo banashukaka. Mutundike bintu juu, na mutu moya abakie pale na mawe."

Nilitaka kumkumbatia. Alikuwa anasema maneno ya baba yangu, akiwa hajawahi kumwona. Nikatoa kamba, nikatafuta jiwe, nikarusha. Mara ya tatu ikapita juu ya tawi zuri kabisa. Nilikuwa nimeshainua gunia la kwanza mpaka kifuani niliposikia megafoni nyuma yangu.

"Dada, unafanya nini?"

"Ninatundika chakula, papa prezida. Ule mama amesema kuko banyani."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alitabasamu, akawaita wote wasogee, kama mwalimu aliyepata mfano wa somo. "Bandugu, muangalie. Chakula mu muti! Munajua nani alikuwa natundikaka chakula mu muti? Bankambo, babu zetu, mbele bamujue Mungu. Balikuwa natundikia mizimu. Na siye, bantu ba wokovu, tuko mu njia ya maombi, tutalisha mizimu?"

Nawajua watu wetu. Katika kundi lile hakuna hata mmoja ambaye nyanya yake hakuacha kitu chini ya mti fulani, na hakuna hata mmoja anayetaka kukumbushwa. Wanawake waliokuwa wakinisaidia kushika gunia wakaachia mikono mmoja mmoja, nikabaki nimelishika peke yangu. Nikasema hii si mizimu, hii ni nguruwe na siafu. Nikasema baba yangu alikuwa mkristo aliyebatizwa na alitundika chakula chake maisha yake yote.

"Shusha, mutoto yangu," mama akasema pole. "Usitupatishe haya."

Nikashusha. Nikaomba basi angalau mtu mmoja abaki na mizigo asubuhi wakati wa maombi, mimi mwenyewe nitabaki. Prezida akasema maombi ya asubuhi ni ya wote, na kwamba mlinzi wetu ni Bwana. Watu wakasema amina. Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, na nimekuwa nikichechemea tangu siku ile.

Asubuhi mama aliamka wa kwanza, kama kawaida yake. Akanawa uso kijitoni, akameza kinini chake kwa maji, kama afanyavyo kila siku nyumbani, kwa sababu uji ulikuwa karibu. Wanawake walikuwa wamebandika maji, gunia la unga liko wazi, viazi vyake nilikuwa nimeviona juu kabisa nikaviweka kando juu ya jani, avile na uji. Nilihesabu moyoni: maji yachemke, unga uingie, mama atakuwa na bakuli mkononi kabla jua halijapita juu ya miti. Hapo filimbi ya maombi ikapigwa.

Kila mtu akaacha alichokuwa akifanya na kwenda kwenye duara, hatua kama thelathini hivi. Nikabaki nimechuchumaa karibu na moto. Megafoni ikaniita: "Tunamungojea dada wa kamba!" Wakacheka tena. Jina hilo lilikuwa limeshanikaa. Nikasimama, nikaenda, nikasimama kando ya mama, nikafumba macho.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa hiyo nitalisema bila kulifunika. Nilisikia. Katikati ya maombi, wakati prezida alipokuwa amepandisha sauti akiombea taifa, nilisikia mfuniko wa sufuria ukianguka. Nilijua kabisa ni mfuniko wa sufuria. Na sikufumbua macho, kwa sababu niliona haya kuwa tena yule dada. Nikajiambia ni upepo. Maombi yakaendelea, akaombea serikali, akaombea wagonjwa, akaombea safari, na mimi mtu mzima mwenye akili zangu nikakaa nimefumba macho kama mtoto anayejificha nyuma ya pazia.

Tukasema amina, tukageuka.

Dume kubwa lilikuwa limekaa juu ya gunia la mchele kama chifu juu ya kiti chake, uso mzima mweupe kwa unga. Majike yalikuwa yakila karanga kwa utulivu, moja moja, yakitupa maganda. Ndoo ya mawese ilikuwa imelala ubavu. Nyani mmoja kijana alikuwa ameshika kiazi cha mama kwa kila mkono na kingine mdomoni, na alipotuona alisimama akafikiri kidogo, akatafuta namna ya kubeba cha nne. Walikuwa wengi kuliko sisi. Hawakuwa na haraka yoyote.

Prezida akainua megafoni akawakemea kwa jina la Yesu, watoke. Lile dume likamtazama. Kisha likapiga mwayo, meno yote nje, mwayo mrefu wa mtu aliyechoshwa na mahubiri. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Nikaokota mawe nikarusha, wanawake wakarusha, wakaondoka wakiburuza gunia la mchele mpaka likapasukia kwenye miiba. Tulipofika kwenye moto tulikuta chumvi, majani ya chai, na tope la unga na mawese ambalo walikuwa wamelinyea. Samaki hakubaki hata mkia, na karatasi ya sukari ya mama ilikuwa imelambwa.

Nilimwangalia prezida. Kwa kitambo kidogo nilimwona mtu wa kawaida, mdomo wazi, aliyeelewa amefanya nini. Angesema pale, "Bandugu, nimekosa," ningemsamehe. Naapa ningemsamehe, tungecheka wote, tungetafuta mihogo kwa wenyeji, na leo ningekuwa nikiisimulia habari hii harusini. Lakini akafunga mdomo, akameza mate, akainua megafoni.

"Bandugu, Mungu amesema na siye! Aliona tumbo zetu ziko nashiba sana. Yeye mwenyewe ameondoa chakula. Leo iko mufungo, mpaka Komanda!"

"Amina!" wakasema.

Nimeishi katika mji ambao watu wamepoteza vitu vingi, na najua namna nyingi ambazo watu huzungumza juu ya hasara. Sijawahi kuona hasara ikibatizwa upesi namna ile. Maji ya ubatizo yalikuwa bado yanachemka jikoni. Nyani haoni kundule, wanasema, lakini nyani hajifanyi kuwa kundule ni ufunuo.

Nikamkimbilia mama. "Mama, ulimeza kinini?"

"Nilimeza."

Nikapiga kelele. Sikujali tena. Nikasema mama amemeza dawa na lazima ale sasa hivi, mwenye chochote mfukoni akitoe. Wanawake wakaangalia chini. Prezida akaniambia, "Dada, imani kidogo." Ni yule mama wa shamba aliyenisikia. Alikuja amenyanyua kitenge kwa mkono mmoja, na ndani yake ndizi mbivu tatu, ndogo zile tamu, zilizobaki kwake baada ya nyani kupita msimu mzima. Hakusema, "Niliwaambia." Alinipa tu.

Nikammenyea mama ya kwanza. Akaitazama, akamtazama prezida, akawatazama wenzake waliosimama wakimsubiri, akausukuma mkono wangu.

"Nilikuja kumushukuru Mungu," akasema. "Miye sitakuwa mutu wa kwanza kuvunja mufungo."

"Mama, kula!"

"Nyamaza."

Nilimfokea mama yangu mbele za watu. Sikuwa nimefanya hivyo tangu nizaliwe, na sidhani kama nitafanya tena. Nilimwambia atakufa kwa ajili ya kiburi cha mtu mwingine. Akajifunga kitenge vizuri, akashika fimbo yake, akaanza kutembea. Nikafunga ndizi kwenye ncha ya kitambaa changu nikamfuata, nikiwa nyuma yake hatua moja, nikiangalia visigino vyake.

Tulitembea, wenzetu wakiimba. Kwa muda alikwenda vizuri hata nikaanza kuona haya kwa kelele zangu. Kisha nikaona mgongo wa blauzi yake umeloa, na asubuhi ilikuwa bado na baridi. Nikamuuliza kama anajisikia vizuri, akanijibu kwamba ng'ombe wamefunguliwa mapema mno. Nikamshika mkono, akaniita mama. Kisha akakaa chini katikati ya barabara, taratibu, kama mtu anayekaa kwenye mkeka, akalala ubavu na kuanza kutetemeka.

"Roho!" mtu akapiga kelele. "Roho ameshuka!"

Wakamzunguka. Wakainua mikono. Wimbo ukabadilika ukawa wa haraka zaidi, wengine wakaanza kulia kwa furaha, na prezida akasimama juu ya mama yangu na megafoni yake. "Musimuguse! Roho iko natumika!"

Nilimsukuma. Nilimsukuma kwa mikono miwili kifuani, megafoni ikaanguka ikapiga mluzi. Nikakaa matopeni nikaweka kichwa cha mama mapajani. Meno yake yalikuwa yameumana, hakuweza kutafuna. Nikatafuna mimi ile ndizi, nikaitoa mdomoni mwangu ikiwa laini, nikaipaka kwa kidole ndani ya shavu lake, kidogo, kidogo, kama yeye bila shaka alivyonifanyia nilipokuwa sina meno. Nikamwomba ameze. Wao waliendelea kuimba. Ndizi ya pili ilipofika nusu, koo lake likasogea.

Mwendesha pikipiki mmoja aliyekuwa akitoka upande wa Irumu akasimama kwa sababu barabara ilikuwa imejaa watu. Hakuuliza tunaomba nini. Alimtazama mama, akashusha mzigo wake wa majani ya mihogo akauacha kando ya njia, akatusaidia kumpandisha katikati yetu. Kituoni Komanda wakamtundikia maji ya sukari. Kabla ya saa sita akafumbua macho, akaangalia dari, akaniuliza, "Tumefika?" Alikumbuka kijito. Alikumbuka mwayo wa nyani, na akaucheka. Baada ya hapo hakukumbuka kitu; mimi nilimwambia tu kwamba alizimia.

Ningeweza kuishia hapo na hasira ya kawaida, hasira ya mtu aliyenusurika. Lakini Jumapili ya tatu baada ya kurudi ikawa ibada ya ushuhuda. Prezida akapanda mbele akasimulia safari. Nyani walikuwa wametumwa na adui. Mfungo ulikuwa umeamriwa na Mungu. Na njiani, akasema, Roho alimshukia mama mmoja mzee, akamwangusha chini mbele ya wote. Kisha akamwita mama kwa jina lake, asimame.

Kuna jambo kuhusu mama ambalo watu wa nje hawalijui. Katika kanisa letu watu huguswa na Roho: wanaanguka, wanatetemeka, wananena kwa lugha. Mama ameingia kanisa lile akiwa msichana. Ameona wote wakiguswa, dada zake, marafiki zake, vijana wadogo waliookoka juzi, hata mimi mara moja nilipokuwa na miaka kumi na sita. Yeye, hapana. Maisha yake yote amesimama mstari wa mbele, mikono juu, macho yamefumbwa, na hakuna kilichomfikia. Hakulalamika kamwe. Mara moja tu, tukichambua maharagwe, aliniuliza kama nadhani kuna kitu alichokosea.

Akasimama siku ile mbele ya kanisa zima. Hakukumbuka kitu, kwa hiyo aliamini. Aliangalia upande huu na ule, akatabasamu kwa aibu kama bibi harusi, na kanisa likapiga makofi. Nami nikakaa kwenye benchi langu na ndimi zangu mbili, moja ya kusema na moja ya kunyamaza. Nilinyamaza. Ningefanyaje? Nimwondolee furaha ile palepale, mbele za watu?

Mwaka ule mzima mama aliimba. Aliimba akifagia, akiosha vyombo, akichambua mchele. Sauti yake haikuwahi kuwa nzuri, lakini majirani wa Rwambuzi waliizoea, wakamwambia amekuwa kijana. Na mimi nilimsikiliza kila asubuhi nikimchukia yule mtu zaidi, kwa sababu alikuwa amempa mama kitu ambacho mimi sikuweza kumpa, na kilikuwa cha uongo.

Kisha majina ya safari mpya yakaanza kuandikishwa. Asubuhi moja nilimkuta mama mezani, bakuli la uji mbele yake, limefunikwa, kinini ameshameza. Nikamuuliza mbona hali.

"Ninaanza kuzoea," akasema. "Mwaka huu nitafunga toka Bunia. Siku ile sikukula, njo Roho alikuja. Labda alingojeaka hiyo tu, miaka yote."

Nikavuta kiti nikakaa.

"Mama, siku ile haikuwa Roho. Sukari ilishuka. Ilikuwa njaa."

"Bote balisema iko Roho."

"Bote balikosea. Prezida anajua alikosea. Miye njo nilikuwa nakushika, nilikutafunia ndizi."

Hakubisha. Mama si mjinga. Nadhani aliyaona yote mara moja, uji, kinini, jasho, kila kitu. Akageuza uso kwenye dirisha. Nilimsubiri anifokee. Ningependa sana angenifokea.

"Basi," akasema, "hata siku ile hakunifikia."

Akafunua bakuli, akavuta kijiko, akala uji wote mpaka chini, mimi nikimtazama kama mlinzi. Tangu siku ile anameza kinini chake na kula kwa saa yake, hajakosa hata asubuhi moja. Haimbi tena.